Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: dereva wa MotoGP anaangukaje akiwa na 300 na bado anainuka?

Msimu wa MotoGP, mbio za dunia za pikipiki, ukiwa Ulaya, mbio kubwa kwa saa za Dar huanza saa tisa alasiri siku ya Jumapili. Ikifika magharibi simu yangu imeshajaa vipande vya video vya watu wanaokula mweleka, na maswali nyuma yake. Wengine ni vijana wa bodaboda, wengine wana pikipiki kubwa zinazounguruma Barabara ya Bagamoyo usiku. Maswali yenyewe hayatofautiani sana, kwa hiyo nimeyaweka mahali pamoja.

Inakuwaje mtu adondoke kwa mwendo ule, kisha ainuke akijikung'uta vumbi?

Kwa sababu hakugonga kitu. Hilo ndilo jibu, na karibu kila kitu kingine kwenye ukurasa huu ni matawi yake.

Mwili unaoserereka juu ya lami hupunguza mwendo taratibu, kwa sekunde kadhaa na umbali unaoweza kuzidi mita mia. Mwili unaogonga nguzo humaliza mwendo wote papo hapo. Na nishati ya mwendo haiongezeki sawasawa na kasi, inaongezeka kwa mraba wake: ukitoka 50 km/h kwenda 300 km/h, kasi imezidi mara sita lakini nishati imezidi mara 36. Lazima iishie mahali. Uwanjani inaishia kwenye ngozi ya suti, kwenye kokoto, na kwenye maboya ya hewa yaliyopangwa mbele ya ukuta. Kwenye Barabara ya Morogoro nishati hiyo inaishia kwenye kingo za zege za njia ya Mwendokasi, au ubavuni mwa lori lililosimama bila taa.

Mfano ambao watu hawaumalizi ni wa Marc Márquez pale Mugello, Italia, mwaka 2013. Wakati wa mazoezi, mwisho wa mstari ulionyooka, pikipiki ilimshinda akiwa na zaidi ya 330 km/h. Ukuta ulikuwa unamsogelea, akaamua kuiachia pikipiki na kujitupa. Alipata michubuko kidevuni na jeraha la bega, na Jumapili akapanga foleni na wenzake kuanza mbio. Angebaki juu ya pikipiki sekunde moja zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine, maana kwa mwendo ule sekunde moja ni zaidi ya mita 90.

Kuna aina ngapi za kuanguka?

Ziko nyingi, ila mbili ndizo za kuzielewa.

Ya kwanza ni ya kuserereka. Dereva amelala kwenye kona, tairi la mbele linaachia, pikipiki inalala ubavu na yeye anateleza nyuma yake. Tayari alikuwa karibu na ardhi, goti likigusa lami, kwa hiyo haangukii kutoka juu. Ndiyo ajali ya kila wiki. Kwa madaraja yote matatu ya mashindano haya, kuanguka kwa msimu mzima huzunguka elfu moja, na sehemu kubwa ni za aina hii. Wengi hutembea wenyewe hadi kwenye uzio.

Ya pili ni ya kurushwa, na hii ndiyo wanayoiogopa. Dereva anatoka kwenye kona, anafungua mafuta, tairi la nyuma linateleza kwenda nje. Likiendelea kuteleza, si neno. Tatizo ni pale linaposhika ghafla: pikipiki inasimama wima kwa nguvu, springi zilizokuwa zimebanwa zinafumuka, na dereva anarushwa juu. Anatua kutoka mita mbili au zaidi, mara nyingi kwa bega au nyonga, na pikipiki inaweza kumfuata kwa nyuma. Enzi za pikipiki za 500cc zenye injini za viharusi viwili (two-stroke) ajali hizi zilivunja mifupa ya kizazi kizima. Leo kompyuta hupunguza nguvu ya injini mara tairi la nyuma linapoanza kuteleza, na kurushwa kumepungua sana, ingawa hakujaisha. Tairi likiwa bado la baridi, mzunguko wa kwanza baada ya kutoka gereji, hata kompyuta haina la kufanya.

Wa bodaboda wanaijua ile ya kwanza bila kuisoma popote. Kona yenye mchanga, breki ya mbele, chali.

Mfuko wa hewa uko wapi, na unajuaje kwamba dereva anaanguka?

Umo ndani ya suti. Hakuna kamba inayouunganisha na pikipiki, kinyume na zile fulana za barabarani ambazo hufumuka pale kamba inapovutwa. Ndani ya suti kuna kompyuta ndogo na vihisi vinavyopima mwendo na mzunguko wa mwili mara nyingi kila sekunde. Programu imefundishwa kutofautisha mambo mawili yanayofanana sana: dereva anayepambana na pikipiki inayoyumba, na dereva ambaye pikipiki imeshamtoka.

Ikiridhika kwamba mambo yameharibika, inafungua gesi na mfuko unajaa. Mifumo ya sasa huchukua takriban milisekunde 25 kujaa, mara nyingi kabla dereva hajagusa chini. Ukitazama video ya polepole utaona mabega yanavimba yeye akiwa bado hewani. Unabaki umejaa kwa sekunde chache, kisha unapungua ili aweze kukunja mikono. Baadhi ya suti zina akiba ya gesi ya kufumuka mara ya pili, ndiyo maana utamwona mtu anaanguka, anainua pikipiki yake, anaendelea na mbio.

Tangu 2018 kifaa hiki ni lazima kwa madaraja yote. Kanuni inataka kilinde mabega na mitulinga kwanza, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wakivunjika.

Usiuombe zaidi ya hapo. Haulindi mikono, haulindi vifundo vya miguu, na ukigongwa na pikipiki nyingine ya kilo 157 iliyo kwenye mwendo, mfuko wa gesi ni msaada mdogo.

Ile nundu mgongoni ni ya nini?

Ilianza kwa ajili ya upepo, ili hewa ipite vizuri nyuma ya helmeti. Siku hizi imekuwa kabati: vifaa vya mfuko wa hewa, na kwenye mbio za joto, mfuko wa maji ya kunywa wenye mrija hadi mdomoni.

Suti yenyewe ni ngozi ya nini?

Ng'ombe au kangaruu. Ya kangaruu ni nyepesi zaidi kwa uimara uleule, ndiyo maana wengi wanaipenda. Nje kuna vipande vya plastiki magotini na viwikoni vya kusugua lami, na mabegani vipande vigumu ili mwili uteleze usishike. Kuteleza ni jambo la maana: bega likishika lami, mwili unaanza kubiringika, na kubiringika ndiko kunakovunja. Ndani kuna kinga ya mgongo na ya kifua.

Suti yote hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kusuguana na lami. Kwa kugonga kitu kigumu inasaidia kidogo tu.

Wanafundishwa kuanguka?

Wanajifunza, wengi tangu wakiwa na umri wa miaka sita au saba kwenye pikipiki ndogo. Kanuni ya kwanza ni kuachia usukani. Anayeng'ang'ania pikipiki inayoanguka hubebwa nayo hadi inakokwenda. Kanuni ya pili, mikono kifuani, usitue kwa kiganja, maana mkono ulionyooshwa hupeleka pigo lote kwenye kifundo na mtulinga.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuitazama: usiinuke mpaka uwe na uhakika umeacha kuteleza. Mtu aliyetoka kwenye 250 akafikia 50 huona kama ametulia kabisa. Akili inamdanganya. Anasimama, miguu inakimbizwa na ardhi, anapinduka upya, na mara nyingi jeraha la siku hiyo linatoka hapo. Angalia wakongwe: wanaserereka chali, kichwa wamekiinua kidogo, wanatazama pikipiki iko wapi na nani anakuja nyuma.

Helmeti zao zina tofauti gani na zinazouzwa Kariakoo?

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIM, lina kipimo chake cha helmeti kwa madereva hawa, kiitwacho FRHPhe. Mbali na kuipiga helmeti moja kwa moja, wanaipiga kwa mshazari pia, ili kupima kichwa kinavyozungushwa, kwa kuwa ubongo huumia vibaya ukizungushwa ghafla. Ganda huwa la nyuzi za kaboni au mchanganyiko wa nyuzi. Ndani kuna povu gumu, jeupe au jeusi, la uzito tofauti sehemu tofauti. Kazi ya povu hilo ni kubonyea na kubaki limebonyea. Ndiyo sababu helmeti iliyokwisha kupigwa hairudi kazini hata kama ganda linang'aa.

Helmeti hizo pia zina vipande vya mashavu vyenye vishikio vyekundu. Daktari anavuta kishikio, pedi zinatoka kwa chini, helmeti inavuliwa bila kuikwanyua shingo. Ukimkuta mtu kaanguka Ubungo na helmeti kichwani, usiwe mwepesi wa kumvua. Kama anapumua vizuri, mwache nayo hadi waje wanaojua.

Sasa Kariakoo. Nzuri zipo, na vikombe vya plastiki vipo. Ingiza kidole chini ya kitambaa cha ndani. Ukikuta povu gumu lisilobonyea kwa kidole, endelea kuikagua. Ukikuta sponji laini kama la godoro na nyuma yake plastiki tupu, iache mezani. Kisha shika mkanda wa kidevu: helmeti yenye kipimo cha ECE, kiwango cha usalama cha kimataifa, huwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda, chenye herufi E na namba ndani ya duara, kisha namba ndefu. Toleo la sasa ni 22.06, na namba hiyo ndefu huanza na 06. Stika nzuri iliyobandikwa kisogoni haithibitishi kitu, stika zinachapishwa popote. Mwisho, ivae, funga mkanda, jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma ya kisogo. Ikitoka, siku ya ajali itatoka vilevile.

Helmeti ya mtumba sikushauri. Hakuna muuzaji atakayekwambia ilishaangukiwa na nini.

Kwa nini pembeni ya kona kuna kokoto, na sehemu nyingine lami?

Huu ni mjadala wa miaka mingi, na mimi niko upande wa kokoto. Kokoto zinakula mwendo wa mtu na wa pikipiki. Ubaya wake ni kwamba zinaweza kumbiringisha mtu, na anayeingia akiwa bado amesimama na pikipiki karibu lazima adondoke. Lami ya pembeni humpa aliyekosea breki nafasi ya kupunguza mwendo na kurudi. Lakini aliyekwisha kuanguka huteleza juu yake bila kupungua vya kutosha.

Mwaka 2016 kule Barcelona, Luis Salom alianguka wakati wa mazoezi ya Moto2, daraja la pili la mashindano haya, kwenye kona yenye lami pembeni. Pikipiki ilifika kwenye kizuizi, naye akateleza moja kwa moja hadi akaigonga. Alifariki siku hiyo. Siku zilizobaki za wikendi ile wakatumia njia iliyopunguza mwendo sehemu ile, na baadaye kona hiyo ikafanyiwa marekebisho.

Miaka 13 kabla yake, Daijiro Kato aligonga ukuta Suzuka, Japani, mahali ambapo ukuta ulikuwa karibu mno na njia. Alizimia siku 14, akafariki Aprili 20, 2003. Baada yake Suzuka ilitolewa kwenye ratiba ya MotoGP na haijarudi, na ikaundwa kamati ya usalama ambamo madereva wenyewe hukaa na waandaaji kila wikendi ya mbio na kusema kona ipi haifai. Kwa maoni yangu kamati hiyo imeokoa watu wengi kuliko kifaa chochote cha kuvaa.

Ni kweli kuna aliyeruka kutoka kwenye pikipiki kwa makusudi?

Maverick Viñales, Austria, Agosti 2020. Breki zake zilikuwa zimechoka kwa joto, na akikaribia kona ya kwanza kwa zaidi ya 200 km/h akabonyeza, hazikujibu. Akajiachia kwa nyuma. Pikipiki iliendelea peke yake, ikagonga maboya ya hewa, ikawaka moto. Yeye akasimama akiitazama.

Wiki moja kabla, uwanja uleule, pikipiki mbili zilizopoteza madereva wake zilikatiza mbele ya Valentino Rossi na Viñales huyohuyo, moja ikiruka hewani, zikiwakosa kwa nafasi ya mwili wa mtu. Miaka miwili baadaye wakaweka kona mpya mbili za kupunguza mwendo sehemu hiyo. Wapenzi wa kasi walilalamika. Walalamike tu.

Kile kipande kama pembe mbele ya mkono wa breki ni pambo?

Hapana. Kinazuia breki yako isibonyezwe na pikipiki ya jirani mnapobanana. Breki ya mbele ikibonyezwa ghafla kwenye mstari ulionyooka, unapinduka mbele. Barcelona 2006, Sete Gibernau na Loris Capirossi waligusana namna hiyo wakielekea kona ya kwanza, wakaangusha kundi zima. Siku hizi kinga hiyo ni lazima. Kuna mambo mengine madogo ya kanuni watu hawayaoni: ncha ya mkono wa breki lazima iwe duara ili isimchome mtu, tangi la mafuta limejazwa sponji inayozuia moto, na injini hujizima pikipiki ikilala.

Kwa hiyo siku hizi wanakufa kwa nini?

Kwa kugongwa na wenzao. Shoya Tomizawa, Misano 2010. Marco Simoncelli, Sepang 2011. Jason Dupasquier, Mugello 2021. Wote walianguka wakabaki kwenye njia, na waliokuwa nyuma yao hawakuwa na pa kukwepea. Hakuna suti ya kuzuia hilo. Wanachoweza ni bendera ya njano kwa haraka, taa kando ya njia, bendera nyekundu bila kusitasita, na adhabu kali kwa anayeendesha hovyo kwenye kundi.

Mbona wanarudi kwenye mbio wakiwa wamevunjika?

Mwaka 2013 Jorge Lorenzo alivunja mtulinga Alhamisi kule Assen, Uholanzi, akapelekwa kwa ndege Barcelona, akawekewa chuma, akarudi na Jumamosi akamaliza wa tano. Watu wakampigia makofi. Mbio zilizofuata, Ujerumani, akaangukia bega lilelile na kile chuma kikapinda. Mnamo 2020 Márquez alivunja mkono wa kulia Jerez, akajaribu kurudi ndani ya siku chache, na mkono ule ukamgharimu upasuaji mara nne. Ubingwa alikuja kuupata tena 2025.

Mimi siuiti ushujaa. Mfupa una ratiba yake, haujali ratiba ya mashindano.

Isle of Man je?

Huo ni mchezo mwingine. Ni mbio za pikipiki kwenye barabara za kawaida za kisiwa hicho, kilicho kati ya Uingereza na Ireland, zilizofungwa kwa muda, mzunguko wa zaidi ya kilomita 60, kuta za mawe, nyumba, nguzo. Wanavaa suti zilezile na helmeti zilezile, na wastani wa mzunguko wa kasi zaidi unazidi 215 km/h. Tangu 1911 waliokufa kwenye njia ile wamepita 260. Anayetaka kujua nafasi ya pembeni ina thamani gani alinganishe namba hiyo na ya viwanja vya MotoGP.

Kasi haitapunguzwa?

Kuanzia 2027 injini zinashuka kutoka 1000cc hadi 850cc, mabawa ya upepo yanapunguzwa, na vifaa vya kushusha kimo cha pikipiki ikiwa kwenye mwendo vinapigwa marufuku. Sababu mojawapo ni hiyohiyo: pikipiki zinazidi 360 km/h, na viwanja vya zamani haviwezi kusogeza kuta zao milele.

Dar kuna mahali pa kukimbiza pikipiki kihalali?

Uwanja wa lami wa mashindano ya kiwango hicho hatuna. MotoGP ilikuja Afrika mara ya mwisho 2004, Welkom, Afrika Kusini. Daraja la Kigamboni si uwanja. Daraja la Tanzanite si uwanja. Najua mnakwenda alfajiri wakati hakuna magari, lakini kuna watu wanaofanya mazoezi, kuna mchanga, na hakuna mwenye bendera ya njano.

Mdogo wangu kanunua pikipiki kubwa. Nikiwa na hela ya kitu kimojakimoja, nianze na kipi?

Helmeti ya uso mzima, kwa vipimo nilivyoeleza hapo juu. Kisha glavu, kwa sababu kila anayeanguka hutanguliza viganja hata kama amekatazwa. Kisha viatu vinavyofunika vifundo, wala si lazima viwe vya mbio. Ndala na pikipiki haviendi pamoja. Baada ya hapo jaketi la wavu lenye kinga mabegani, viwikoni na mgongoni. Suti ya ngozi ya kipande kimoja aiache kwanza: mwezi wa pili, foleni ya Kimara, jua la saa nane, ataifungua zipu hadi kitovuni na itakuwa ni mzigo tu. Jaketi la wavu atalivaa kila siku.

Fulana ya mfuko wa hewa, hata ya kamba, ni kitu kizuri ukiipata halisi. Aifunge kamba kwenye pikipiki kila anapopanda, na aifungue kabla ya kushuka, vinginevyo atafumuka mbele za watu kituo cha mafuta.

Na anunue helmeti mbili. Sheria yetu inamtaka abiria naye avae, na ile ya akiba inayoning'inia kwenye kioo cha pembeni, iliyovaliwa na kila mtu na haina mkanda, haihesabiki.